Fundi, Karani na Msomi: Njia Tatu za Kazi katika Historia ya Nchi Yetu

Ndugu zangu mliosoma hapa, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani sasa,

Mhariri wa jarida hili aliponitaka niandike makala ya historia, nadhani alitegemea habari za mabweni, walimu wakuu na vikombe vya mpira. Hizo wapo wazee wanaozijua kuliko mimi. Nimechagua jambo jingine, kwa sababu mkutano wetu wa mwaka huu una ajenda moja nzito. Mfuko wetu wa kuwasaidia vijana wanaomaliza hapa, je, usaidie wale tu wanaokwenda Chuo Kikuu, au umsaidie pia kijana anayekwenda kujifunza uashi, umeme au uchomeleaji? Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba shule yenye jina kama hii haiwezi kujivunia kutoa mafundi. Kabla hatujapiga kura naomba tuitazame historia, maana fikra hiyo ina umri mkubwa kuliko sisi sote tutakaokaa ukumbini siku hiyo.

Fundi kabla ya shule

Lugha yetu yenyewe ni shahidi wa kwanza. Funda, fundisha, mafundisho, mwanafunzi, fundi: maneno haya ni ya ukoo mmoja. Kwa Mswahili wa zamani fundi alikuwa mjuzi, na mjuzi alikuwa mtu wa kufunza wengine. Katika miji ya pwani kijana aliyetaka kuchonga milango au kuunda majahazi alipelekwa kwa fundi akawa mwanagenzi. Alianza kwa kushika taa, kufagia vumbi la mbao na kutumwa misumari, kisha siku zilivyopita akakabidhiwa randa na patasi. Alipohitimu, wazazi wake walimpa fundi kilemba, yaani zawadi ya heshima kwa kazi ya kumfunza mtoto. Milango ya Zanzibar na Lamu, ambayo leo watalii wanaipiga picha, ni kazi ya mikono iliyosomeshwa kwa njia hiyo.

Bara nako kulikuwa na vyuo visivyo na majengo. Wafipa walijenga tanuru ndefu za udongo na kuyeyusha chuma, na wahunzi wa Upare na Uchagani walifua majembe na mikuki. Ujuzi huo ulikuwa na miiko yake, nao haukutolewa kwa kila mpita njia. Mhunzi aliheshimiwa, na pengine aliogopwa. Kwa hiyo ieleweke kwamba dharau juu ya kazi ya mikono hatukuirithi kwa babu zetu.

Shule ya makarani

Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890. Walihitaji makarani, wakalimani, walimu na watu wa kuwatumikia katika utawala. Hata hivyo shule ile ilikuwa na karakana pia, na ilikuwa na mtambo wa uchapaji. Hapo ndipo lilipochapishwa gazeti la Kiongozi, mwanzoni mwa karne ya 20. Vijana wa Tanga walijifunza kusoma Kiswahili kwa hati za Kizungu, na baadhi yao walijifunza kuzipanga herufi za risasi kwa vidole vyao. Karani na fundi walitoka chini ya paa moja.

Walipokuja Waingereza, mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones kutoka Marekani, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dr. James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: kilimo, ufundi, afya na maisha ya kijiji. Ukisoma ushauri huo leo utauona ni mwema. Lakini wazazi wengi waliutilia mashaka, na mashaka yao yalikuwa na msingi. Waliona kwamba Mzungu mwenyewe hampeleki mtoto wake kwenye jembe. Waliona pia nani anayevaa viatu. Karani wa Bwana Shauri alikuwa na mshahara wa kila mwezi, meza na kivuli. Mwashi alilipwa ujira wa siku na kufanya kazi juani. Mzazi aliyemhimiza mwanawe ashike kalamu aache nyundo alikuwa amepiga hesabu zake vizuri kabisa.

Hiyo ndiyo asili ya kasumba tunayoizungumza. Mkoloni aliipanga mishahara kwa namna ambayo kalamu ilishinda nyundo, na watu wakalisoma somo lile kuliko masomo yote ya darasani. Alipoondoka, hesabu ile ilibaki vichwani mwetu.

Vyuo vikuu vilizaliwa wapi?

Sasa niwaulize swali ambalo wengi wetu tuliopita Chuo Kikuu hatulijui jibu lake. Makerere, chuo kilichosomesha viongozi wa Afrika Mashariki, kilianzaje? Kilianza Januari 1922 kikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Masomo ya uganga, kilimo na ualimu yalifuata baadaye. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilichipuka kutokana na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Mombasa, taasisi iliyoanzishwa kuwapa ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic na, tangu 2013, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Chuo chetu cha Dar es Salaam ndicho kilichozaliwa kwa njia nyingine. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache mno, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kitivo cha Uhandisi hakikupatikana mpaka mwaka 1973, na kilipoanza kiliweka sharti zuri: mwanafunzi wa uhandisi aende viwandani na kwenye miradi kwa mafunzo ya vitendo, asisubiri mpaka apate shahada ndipo aione mashine.

Basi anayesema kwamba ufundi ni njia ya walioshindwa, akumbuke kwamba vyuo vikuu viwili kati ya vile vitatu vilivyounda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki vilikuwa na karakana kabla ya kuwa na joho.

Uhuru na hesabu mpya

Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Nchi nzima! Hali hiyo ilitulazimisha kukimbia huku na huku. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilizofunguliwa katika miaka ya 1950 zilikuwa zikitoa waashi, maseremala na mafundi wa mitambo. Ifunda ilianza katika eneo walipokuwa wamehifadhiwa wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya uhuru shule hizi ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilikuwapo tangu 1957, kikafuatiwa na Arusha mwaka 1978, na Mbeya katika miaka ya 1980. Vyeti vyao vya Fundi Sanifu, ambavyo watu wote walivijua kwa jina la FTC, viliheshimika sana. Kaka zetu wakubwa watakubali kwamba mtu mwenye FTC hakuuliza mtambo unafunguliwa upande gani.

Mwaka 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe mahali pa kusoma na kufanya kazi pamoja. Hasira yake ilikuwa na sababu ya karibu: Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, akawafukuza. Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita na JKT, afanye kazi kwanza, na aingie Chuo Kikuu baadaye kwa mapendekezo ya mahali alipofanya kazi. Shule za sekondari nazo zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Karakana iliyoko nyuma ya bwalo letu ni mtoto wa siku zile.

Uamuzi wa Musoma ulikuwa na faida na hasara, na mwanahistoria asifiche hata moja. Faida yake ilikuwa kwamba darasani waliingia watu waliokwisha kuendesha ofisi, kufundisha na kusimamia vibarua, na mhadhiri hakuweza kuwadanganya juu ya maisha. Hasara yake ilikuwa kwamba wengine walipotelea kazini wasirudi tena shuleni, na idadi ya wanawake ikapungua, ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ulilegezwa, na mwaka 1994 JKT ya lazima kwa wahitimu ikasitishwa hadi iliporejeshwa mwaka 2013. Kwa hiyo kizazi changu kilitoka bwenini kikaingia ukumbi wa mihadhara bila kupita popote.

Na bado kazi kabla ya shahada si jambo la kubuniwa Musoma. Mwalimu mwenyewe alitoka Makerere na cheti cha ualimu mwaka 1945, akafundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, na ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh kusoma shahada. Jina tunalomwita mpaka leo alilipata kazini.

Niliyoyaona mimi

Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 2002. Mwezi Agosti mwaka ule, nikisubiri kwenda Mlimani, nilipata kazi ya ukarani katika Sensa ya Watu na Makazi. Ilikuwa kazi ya siku chache tu, lakini ilinifunza kuliko muhula mzima. Katika dodoso mlikuwa na maswali juu ya kazi. Katika mtaa niliopangiwa nilimkuta mzee mmoja amekaa chini ya mwembe, amezungukwa na baiskeli saba au nane zilizopinduliwa magurudumu juu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi. Nikamwuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Sina kazi, mwanangu. Mimi fundi tu."

Jibu kama hilo nilipewa nyumba nyingine nyingi, na wasusi, na washonaji, na mama aliyekuwa akifuma mikeka. Watu waliokuwa wakisomesha watoto kwa ufundi wao walisema hawana kazi. Maana kwao kazi ilikuwa ile ya karani wa Bwana Shauri, yenye meza na kivuli. Miaka zaidi ya 40 ya Uhuru ilikuwa haijalifuta lile somo.

Baada ya shahada niliingia utumishi wa umma, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa Afisa Utumishi katika halmashauri mbalimbali. Kazi yangu ni mafaili ya watu: kuajiriwa, kupandishwa daraja, kustaafu. Muundo wetu wa utumishi unazo ngazi tatu katika kazi za ujenzi na mitambo: Fundi Mchundo, Fundi Sanifu na Mhandisi. Wataalamu hupenda kusema kwamba kila mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu watano na mafundi mchundo 25. Katika ofisi nilizopita sijawahi kuiona hesabu hiyo ikitimia. Nimeona mahali ambapo bomba la maji lilipasuka, wasomi watatu wakaandika taarifa nzuri juu ya bomba lile, na ikabidi tumsubiri kibarua mmoja kutoka kijiji cha pili aje na spana.

Lakini faili husema upande wa pili pia, na hapa nawaomba wadogo zangu msikilize vizuri. Nimekutana na fundi hodari, mwenye mikono ya dhahabu, ambaye alifanya kazi kwa miaka mingi bila cheti chochote. Nafasi ilipotangazwa, sikuwa na namna ya kumwingiza, maana muundo unataka cheti. Uzoefu usioandikwa mahali popote ni kama fedha isiyo na muhuri: wewe unajua thamani yake, lakini dukani haipokelewi. Kwa bahati njema siku hizi VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunza mtaani hupimwa na kupewa cheti. Ni kilemba cha kisasa, isipokuwa safari hii anayevikwa ni mwanagenzi.

Vilevile nimeona vijana wenye shahada safi wakiomba nafasi za chini kuliko elimu yao, na nilipowauliza walishafanya nini kwa mikono yao au katika ofisi yoyote, walinyamaza. Akili walikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba likizo ndefu si ya kulala.

Ngazi iliyopandishwa juu

Kuna jambo moja linalonisumbua katika historia hii. Tumekuwa na tabia ya kukipandisha chuo cha ufundi kila kinapofanikiwa. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Mbeya ilikuwa Taasisi mwaka 2005 na Chuo Kikuu mwaka 2012. FTC ikaondoka, ikaja stashahada. Sisemi kwamba ni vibaya; nchi inahitaji shahada za uhandisi, na vyuo hivyo bado vinafundisha mafundi sanifu. Lakini kila tunapopandisha jina la chuo tunamwambia mtoto kwamba kule chini kulikuwa si mahali pa kubaki. Karakana yetu hapa shuleni ilipatwa na jambo kama hilo. Mchepuo ulipofifia, vais na tezo zilifungiwa, na nilipokuwa kidato cha tatu chumba kile kilikuwa ghala la madawati mabovu.

Sasa upepo umegeuka tena. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, imeleta katika sekondari mkondo wa amali kando ya mkondo wa elimu ya jumla. Wazee wakisikia neno amali wanatabasamu, maana wanaukumbuka mchepuo. Watafaulu safari hii? Itategemea mambo matatu ambayo historia imekwisha kutufundisha. Kwanza, karakana iwe na vifaa na mwalimu, isiwe jina kwenye ratiba. Pili, anayepita amali awe na mlango wa kwenda juu akitaka, asifungiwe chini kama Waafrika walivyohofia mwaka 1924. Tatu, fundi alipwe kwa kadiri ya kazi yake, kwa sababu wazazi wataendelea kupiga hesabu zao kama walivyopiga za karani na mwashi.

Mambo mawili ya kwanza sisi wa shule hii tunaweza kuyagusa kwa mikono yetu.

Ninayopendekeza

Naomba mkutano wetu ukubali mambo haya. Mfuko usiulize kijana anakwenda chuo gani, uulize kama amekubaliwa mahali panapotambulika na kama nyumbani hawamudu. Ada ya chuo cha ufundi stadi na vifaa vya mwanzo vya fundi vihesabiwe sawa na mahitaji ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Kila mwanachama mwenye ofisi, gereji, shamba, duka au kampuni ya ujenzi apokee angalau mwanafunzi mmoja wakati wa likizo, ampe kazi ya kweli na mwishoni amwandikie barua inayoeleza alichofanya. Na karakana yetu ifunguliwe. Madawati yale mabovu yatengenezwe kwanza, na wanafunzi wenyewe, chini ya fundi tutakayemlipa sisi.

Kwenu wadogo zangu mnaosubiri matokeo ya kidato cha nne nina neno fupi. Njia hizi tatu, ufundi, kazi na chuo, hazigombani. Wako waliotoka hapa wakaenda ufundi, wakafanya kazi, na wakaingia chuo wakiwa watu wazima wenye watoto. Mafaili yao nimeyashika mwenyewe. Anayeanza na shahada atafute kazi ya mikono au ya ofisi kabla haijamtafuta. Anayeanza na nyundo atafute cheti, na ajifunze kusoma mchoro na kupiga hesabu za gharama, maana fundi asiyejua hesabu hufanya kazi ya mchana kutwa na faida huchukuliwa na mwingine. Anayeanza kama kibarua atunze kila karatasi anayopewa.

Nami nitakuwapo mkutanoni siku ya kura, na mkono wangu mtauona umenyoshwa upande gani. Atakayenipinga namkaribisha kwa moyo mweupe, lakini kabla hajasimama kuzungumza apite kwanza nyuma ya bwalo, achungulie dirisha la karakana, aone vilivyolala mle ndani.